Tulivyokwenda Kuvipokea Vitabu vya Dieudonné

Safari hii ilitokana na picha moja ya simu. Kaka yangu Dieudonné, anayeishi Ubelgiji miaka mingi sasa, ni fundi wa masanduku katika maktaba ya kanisa kuu moja huko, maktaba yenye vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kabla mashine ya kupiga chapa haijakuwapo. Alituma picha ya sanduku la mbao, akasema vitabu vichache vinakuja kuonyeshwa Kisangani, ndani ya masanduku yake. Yeye mwenyewe haji. Karatasi zake bado, na akitoka huko hataruhusiwa kuingia tena.

Nilimweleza mama hayo yote polepole. Lakini mama ameuza samaki wa kukausha kwenye mto huu tangu sijazaliwa, na mtoni hakuna anayetuma mzigo peke yake. Mwenye mzigo hupanda nao, hula juu yake na hulala juu yake mpaka ufike.

"Sanduku ni ya Dido," akasema, kwa jina la nyumbani la kaka. "Donc, basi, na yeye iko nayo."

"Mama, alisema hatakuya."

"Anataka kutushangaza tu. Weye unamujua."

Alfajiri, Yanonge, kwetu. Tulipanda boti ya mbao inayokwenda mjini, na mama akamwagiza nahodha atuwekee nafasi tatu za kurudi. Nahodha akanitazama, mimi nikatazama maji. Ningeweza kumkatalia mama pale pale, ila ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimeanza kutumaini.

Kutwa nzima tulipanda mto, na kutwa nzima mama alimzungumzia Dido. Atakuwa amekonda. Atakuwa amesahau kwanga, mkate wetu wa muhogo. Kwa sifa alizommwagia, abiria wenzetu walidhani tunakwenda kumlaki askofu, si mtu aliyekuwa akifukuzwa darasani kwa kusinzia. Nilimcheka, lakini nami nilikuwa na hamu na kaka yangu, hata kusinzia kwake.

Jioni tulifika Kisangani. Toleka mbili, zile baiskeli za abiria, zilitupeleka kwa mama mdogo, nasi tukalala.

Asubuhi, makumbusho. Mama alikuwa ameamka kabla ya wote kupika maboke, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuivishwa juu ya makaa. Mlinzi akasema chakula hakiingii. Mama akaketi kwenye ngazi na kikapu chake.

"Ingia, umuite," akaniambia.

Ndani kulikuwa na vitabu vitano au sita chini ya vioo. Kurasa zake ni ngozi ya ndama iliyolainishwa hadi ikawa nyepesi, na herufi za kwanza zina rangi ya samawati na dhahabu inayong'aa utadhani imepakwa jana. Niliona mahali ambapo wino wa mwandishi ulimwishia, akachovya kalamu, akaendelea. Kwa muda nilisahau nilichotumwa.

Mzungu mmoja mwenye ndevu nyeupe akanisalimu kwa Kifaransa. Aliitwa Luc. Alinieleza kwamba vitabu kama hivi havisafiri peke yavyo: mtu wa maktaba hutoka navyo, hukaa navyo, hurudi navyo. Mama alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe. Nilicheka, kisha nikamwambia mama wa Dieudonné anangoja nje.

Nilimleta nje. Mama aliutazama mlango nyuma ya Luc kwa muda mrefu. Halafu akamtazama yeye.

"Bon," akasema. "Dido umemuacha na nani?"

Nikatafsiri. Luc akajibu kwamba Dieudonné hula naye kila mchana, na kwamba huimba akipiga randa, vibaya kidogo. Mama akamwachia mlinzi kikapu, naye Luc akatupeleka chumba cha nyuma, kwenye masanduku matupu. Mama akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakipitisha kwenye kingo zote, kisha akainama akazinusa mbao. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Tulipotoka, Luc alituonyesha ukurasa wa mwisho wa kitabu kimoja. Mwandishi anamwomba atakayesoma amkumbuke, kwani kazi imekwisha naye yuko mbali na watu wake.

"Na ule mutu, alirudi kwao?" mama akauliza.

Luc akasema hakuna anayejua.

"Mama yake alijua," akasema mama.

Kisha akamtoa Luc nje, akamketisha kwenye ngazi, akamfungulia maboke, akamwangalia akila mpaka mifupa.

Kurudi. Botini mchuuzi mmoja aliiona nafasi yetu ya tatu akataka kukaa. Mama akaweka kikapu kitupu hapo.

"Iko na mutu," akasema.

Nilitoka Yanonge nikidhani mama hakunielewa. Nilirudi nikijua kwamba alinielewa tangu siku ile ya picha, neno kwa neno, na bado alikwenda. Mchuuzi akaketi sakafuni, nahodha akawasha mashine, tukashuka mto watu watatu.