Uwanja Uliokanyagwa na Ng'ombe Wetu

Hapana, siendi huko mjini kuona hizo ndege zenu, usijisumbue kuniuliza. Wewe jaza tu hiyo stovu. Harufu ya mafuta ya taa ndiyo imeniudhi, maana ndege zilinuka hivyo hivyo nilipokuwa mtoto.

Kila mwaka mvua ikiisha zilikuja hapa Garsen kwa maonyesho, na wanaoziuza walikuja na miwani yao myeusi. Sasa udongo wetu si unaujua, ukilowa ni uji. Nani aliushindilia? Ng'ombe wetu! Tuliwaswaga toka asubuhi, wanaenda wanarudi, mpaka uwanja ukawa mgumu kama sakafu. Mimi naswaga huku nasema moyoni, mwaka huu lazima niiguse ndege.

Siku yenyewe nimejipaka samli mpaka nang'aa. Bwana mkubwa wa maonyesho akatuona, akabana pua, akasema hivi: "Nyiiinyi wa ng'ombe, kaeni kule nyuma ya kamba! Mnawanukia wageni." Watoto wake wamekaa juu ya bawa, wananicheka. Mimi hata gurudumu sikuligusa, mjukuu wangu!

Jioni huyo huyo akamjia baba, sauti sasa ni asali tupu: "Mzee waaangu, mwakani mtuletee ng'ombe mapema, eeh?"

Baba hakuwa mtu wa maneno. Maonyesho ya hapa yaliisha kabisa, hayakurudi tena, pale pale alipotoa mswaki mdomoni akamwambia:

"Mwakani ndege zikanyage zenyewe."