Tundu la Mwiba

Nilikuwa mwalimu wa shule ndogo ya shamba la chai, nje ya Kericho. Asubuhi watoto walikwenda na mama zao kuchuma majani. Mchana walinijia na vidole vyeusi, wakisinzia kabla sijafuta ubao. Mimi mwenyewe nilisinzia nikiwa nimesimama.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma hakuwahi kusoma hata neno moja ubaoni. Nilimwita mvivu. Nilimchapa, tena si mara moja.

Siku moja tulikuwa na somo la macho ya wanyama. Nilimleta paka wangu, nikamshika dirishani penye jua. Watoto wakaona mboni yake ikisinyaa hadi ikawa kama ufa. Nikampeleka pembeni penye giza, ikapanuka tena. Nikawaeleza kwamba jicho hufunga mlango wake mwanga ukizidi. Kisha nikawaambia watoboe karatasi ngumu kwa mwiba, wachungulie, waone mlango mdogo unavyofanya kazi. Nikaketi, maana miguu ilikuwa inauma.

Nikasikia mtu kutoka nyuma anasoma polepole sentensi niliyoandika ubaoni: "Paka huona vizuri penye mwanga mdogo."

Alikuwa yule msichana, karatasi ikiwa jichoni. Nikamuuliza mbona siku zote hakusoma.

"Siku zote ubao una ukungu, mwalimu," akasema. "Nilifikiri sisi sote tunauona hivyo."

Nilijua kutoka kitabuni kwamba tundu dogo hupitisha mwanga kidogo tu, kwa hiyo picha haitawanyiki ndani ya jicho. Sikuwahi kufikiri jambo hilo linamhusu mwanafunzi wangu yeyote. Nikamuuliza kwa macho hayo ng'ombe wa kwao huwatambuaje jioni. Akasema kila mmoja ana namna yake ya kung'oa nyasi, yeye husikiliza tu.

Nilimhamishia benchi la mbele. Jumamosi nilipanda mlima hadi kwao, nikamweleza baba yake habari ya miwani. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa maziwa ya mursik, akasema chai huchumwa kwa vidole, si kwa macho. Niliiandikia barua hospitali ya misheni. Wakajibu kwamba daktari wa macho huja mara chache, tungoje.

Tulingoja. Shule zilipofungwa, familia yake ikahamia upande wa Kipkelion. Nilimwomba msamaha asubuhi waliyoondoka. Akaitikia kwa kichwa, akapanda juu ya mizigo. Sikupata habari zake tena.