Vitambaa vya Wasichana

Mimi sisahau jina la mtu. Ukinisalimia mara moja tu, jina lako limeingia, na la mama yako pia. Lakini binti yangu ameniambia nikiandika mambo haya nisitaje yeyote, kwa sababu ni mambo ya wasichana na wenyewe bado wako. Basi sitataja. Si ati nimesahau.

Binti yangu huyo yuko Amerika, anatunza wazee wa huko. Yeye na wanawake wenzake waliotoka huku kwetu wana kikundi cha kusaidia wasichana wa shule za mashambani. Wana hata fulana. Kusaidia na nini, sikuwa nimeuliza. Siku moja alinipigia simu nikiwa nyumbani Makongeni.

"Mami, ambia wale akina mama wa kanisa mshone vitambaa vya wasichana. Kama sitini hivi. Viwe vya rangi, wavipende."

Nikamwambia hiyo si kazi.

Sasa kwetu, ukisema kushona vitambaa, kila mwanamke anajua ni vile vya uzi, vya kutandika kwa kochi. Tulishona wiki tano. Mimi nilishona vya mtindo wa nanasi, kwa sababu tuko Thika. Mwenzangu wa Ruiru alishona vya waridi, na mpaka leo hajakubali kwamba nanasi ni gumu zaidi. Tulivipiga wanga, tukavipiga pasi, tukavipeleka shuleni, kule mashamba ya mananasi yanapoishia.

Mwalimu wa kike alikuwa amezungumza na wale wa Amerika mwenyewe. Aliwatoa wavulana nje, akafunga madirisha, akaanza kufundisha wasichana kuhusu siku zao za mwezi na jinsi ya kujisitiri. Sisi akina mama tulikuwa tumekaa mbele, mifuko kwa magoti. Mwenzangu wa Ruiru akaniangalia. Nikaangalia ukuta. Kisha mwalimu akasema, "Na sasa wageni wetu watawapa kile walichowaletea."

Hakukuwa na lingine la kufanya. Tukagawa.

Wasichana walivigeuza, wakachungulia kwa matundu. Mmoja mrefu wa nyuma akainua mkono, akaniita nyanya. "Shosho, asante. Lakini hii inavaliwa aje?"

"Hiyo ni ya kochi," nikamwambia.

"Kwetu hatuna kochi."

"Basi weka kwa stuli."

Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka akijifanya anakohoa. Yule msichana hakucheka. Tulipotoka alinifuata mpaka kwa geti.

"Shosho, zile za ukweli mtaleta?"

"Tutaleta."

"Lini?"

Nikamuuliza mbona ananiharakisha hivyo. Akaniambia akiangalia viatu. Mama yake alifariki, anaishi na baba peke yao. Kila mwezi hukaa nyumbani siku nne, anatumia vipande vya sponji alivyokata kwa godoro. Baba anafikiri anatoroka shule. Amemwonya kwamba mwalimu akimpigia simu tena kusema hayuko darasani, basi masomo yameisha, ataenda Juja kuosha vyombo kwa hoteli ya shangazi.

"Umemwambia baba ni kwa nini?"

"Nimwambie aje, Shosho? Ni baba."

"Imebaki siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Jioni nilimpigia binti yangu. Alicheka mpaka yule mzee anayemtunza akauliza kama kuna msiba.

"Ni pedi, Mami. Pedi za kitambaa, za kufua na kutumia tena."

"Ungesema pedi."

"Nilikuwa kwa basi."

"Watu wa hiyo basi wanasikia Kiswahili?"

Mimi ndiye niliyemlea na haya hiyo, kwa hivyo sikuendelea. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia kitu, niliachia shule darasa la nne, na hiyo ilikuwa sababu moja.

Tukaanza upya na cherehani. Ndani tuliweka taulo, juu flaneli, chini kitambaa cha mwavuli kisichopitisha maji, na vifungo vya kubana pembeni. Nane za kwanza nilizishona mimi. Zikiwa zimebaki siku mbili, Jumapili, nikazipeleka kwao. Ningeweza kumpa msichana kisiri, lakini pedi ya kufua lazima ikauke juani. Akiificha chini ya godoro ataivaa mbichi, na atakuwa mgonjwa. Na kwa boma la watu wawili, kamba ya nguo haifichi kitu. Baba alikuwa lazima ajue.

Nilimkuta ametoka kanisani, bado na tai. Msichana aliponiona alichukua mtungi uliojaa maji, akaenda kuteka maji.

Nikaweka moja kwa meza, mbele ya chai.

"Cucu," akasema, yaani nyanya kwa lugha yetu, "hii ni nini?"

"Hii ndiyo ile shule mtoto wako anatoroka."

Nikamwelezea yote, pamoja na godoro. Sikutumia maneno ya kuzunguka, maana yalikuwa yameshatupotezea wiki tano. Aliangalia kuku. Aliangalia kuku muda mrefu sana, na kuku mwenyewe hakuwa na la ajabu. Kisha akafungua tai.

"Na mimi nilimwita mwizi wa karo."

"Ulimwita."

Akaichukua ile pedi, akaibonyeza kama mtu anayeangalia parachichi.

"Inafuliwa na sabuni ya unga ama ya kipande?"

"Ya kipande. Na maji baridi kwanza."

"Na kuanika?"

"Juani."

"Kamba yetu iko kando ya barabara. Watu watapita."

"Watapita," nikasema. "Wana miguu."

Akanimiminia chai nyingine. Sukari aliweka mingi mno, nikanywa hivyo hivyo.

Siku zile nne zilipofika nilikaa Makongeni sina raha. Siku ya tatu nikampigia mwalimu, nikamtaja msichana kwa majina yake yote matatu, nikauliza kama yuko.

"Yuko, Shosho," akasema. "Ameandikwa kwa orodha ya wanaopiga kelele."