Niliisaka sauti ya "jini" wa Mtongwe kwa kamera, misimu yote hadi kusi

Wakuu, salaam kwenu. Hii si chai, wallahi. Anayebisha aje Mtongwe nimuonyeshe mti wenyewe.

Nyuma ya kwetu pana kichaka, na ukingoni mwake anakaa Bi Rukia, mjane, yeye na kuku wake tu. Kila usiku kichakani kulikuwa na kitu kinalia kama mtoto mchanga.

Jirani yangu, Baba Saumu, akaeneza kwamba bibi anafuga jini. Mtaa mzima ukaitikia amina! Watu wakasusa mayai yake, kisha wakaanza kusema ahame kwa hiari ama ahamishwe. Huku pwani tunajua maneno hayo huishia wapi.

Mimi nafanya kazi hoteli moja Shanzu. Mgeni mmoja aliniachia kamera ya porini, ile unaifunga mtini, kiumbe akipita inajirekodi yenyewe, picha na sauti. Kwa ruhusa ya Bi Rukia nikaifunga kwenye mkorosho.

Msimu wote wa kaskazi niliambulia upuuzi. Mbuzi wa watu. Nguchiro wakipita kwa safu kama wamechelewa Ijumaa. Na jamaa mmoja aliyekuja kujisaidia uso kwa uso na lenzi (ndugu, unajijua, nilifuta).

Kilio nasikia, mwenye kulia simwoni.

Masika yakaleta kenge mnene, akajinyoosha mbele ya kamera kana kwamba shamba ni lake. Fungo naye akapita, mkia juu, hana habari na mtu.

Hapo nimeshanogewa, wakuu. Mke wangu akaniambia, "Wewe wamjua kenge kuliko wanao."

Kusi ilipoanza kuvuma, nikaihamishia kamera tawi la juu. Nikampata. Komba! Kijinyama cha kukaa kiganjani, macho kama vikombe vya kahawa, kinapanua kinywa na kulia kilio kile kile.

Baada ya swala ya alasiri nikaipeleka video barazani, Bi Rukia naye nikamwita. Wakaisikiliza hadi mwisho.

Baba Saumu akakohoa. "Jini laweza kujigeuza komba."

Mama Zuhura, muuza viazi karai, akamjibu, "Basi na wewe tukufungie kamera, tuone wajigeuza nini."

Baraza likaangua kicheko. Bi Rukia hakucheka.

"Kwa kijinyama hiki," akasema, "mwataka kunitoa nyumba aloniachia mume wangu?"

Mimi niliyekuja kujifanya shujaa nikawa naangalia ndara zangu.

Kesho yake Baba Saumu akambebea bibi madumu mawili ya maji. Akataka kuyatua bila neno. Bibi akamzuia mlangoni.

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, Bi Rukia."

Bibi akamwacha amesimama hapo na madumu mikononi, jua la utosi, mpaka mimi nikamuonea huruma.

"Marahaba. Weka hapo."

Nilichojifunza: kabla hujamwita mtu mchawi, inua kichwa utazame juu ya mti.

Wa Kisauni na Changamwe, huko kwenu kinalia nini, na nani anasingiziwa? Mwageni hapa. Matusi pia napokea.