Mlevi wa Ukoo wa Daktari

Kama kuna mtu aliyeijua miguu ya watu, ni Daktari. Mgonjwa akisukuma tu mlango wa kliniki ya mishipa ya fahamu, yeye huko mezani keshaujua ugonjwa kwa mwendo tu. Miaka mingi aliimalizia maabara, akipima damu za watu wa koo zenye ugonjwa wa kupepesuka, mpaka yeye na wenzake wakaipata hitilafu yenyewe kwenye chembe za urithi. Ugonjwa huo huidhoofisha sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika mizani ya mwili, na mzazi aweza kumrithisha mwanawe. Mikutanoni aligonga meza: "Hawa si walevi! Msiwacheke!" Na kila mgonjwa alimwuliza swali lile lile: nani mwingine kwenu anatembea hivi?

Swali zuri. Kwao hakuliuliza hata siku moja. Mganga hajigangi.

Kwao kulikuwa na kaka mkubwa, fundi viatu, ambaye ukoo mzima ulimwita Mawimbi kwa jinsi alivyokwenda akiyumba. Baba yao naye aliyumba hivyo mpaka akaingia kaburini, na mashangazi walikuwa na jibu lao: mtoto wa nyoka ni nyoka. Daktari aliusikia msemo huo tangu utotoni, akacheka pamoja nao. Msomi wa urithi, jamani!

Alipopewa tuzo, alialika watu nyumbani. Kaka akajitolea kupitisha vinywaji. Mbele ya mkuu wa chuo, sinia likamponyoka, glasi zote chini.

"Hata leo?" Daktari alimfokea. "Hata leo umeshindwa kuacha pombe? Unaniaibisha!"

Daktari akainama kuokota vipande kando ya kaka yake, na pua yake ikakikosa ilichokitafuta. Kaka alinukia gundi ya viatu tu. Alipogeuza macho kumtazama, mboni zilichezacheza, hazikutulia. Macho ya namna hiyo Daktari alikuwa ameyaandikia kurasa na kurasa.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamshika mkono, akampeleka jikoni, akamweleza: kwamba huenda ni ugonjwa, na baba pia, kwamba vipimo vitathibitisha, kwamba yeye, kuliko mtu yeyote, alipaswa kujua.

"Nisamehe, kaka."

Mawimbi aliketi, akajipangusa viganja.

"Mimi pombe sijawahi hata kuionja, mdogo wangu. Nilisema weee, nikachoka."

"Nitawaambia wote. Sasa hivi, hapo sebuleni."

"Waambie." Akainamisha kichwa. "Lakini mimi ndiye niliyekuwa namfungia baba mlango, namwambia alale nje mpaka pombe imtoke kichwani. Naye alikuwa akiniapia kwamba hajagusa kitu. Sasa yeye utamwambia nini?"