Sura ya Saba Ambayo Sikuiandika Ubaoni

Nilitoka Kasai kuja kufundisha Kifaransa Butembo, na vita ikanifungia njia ya kurudi. Bibi yangu, muke niliyemuoa, na batoto balibaki kule. Kila jioni nilipika bugali yangu, nikaila peke yangu nikitazama ukuta. Majirani balikuwa batu bazuri, lakini bakianza kuchekeshana kwa Kinande, luga yao, mimi mukuyakuya, mutu wa kuja, nilitabasamu tu ovyo.

Nilikuwa na roman moja, kitabu cha hadithi cha zamani, kisicho na jalada. Darasa zima halikuwa na kingine. Basi kila asubuhi niliandika kurasa mbili ubaoni, na banafunzi ba mwaka wa mwisho bakazinakili mu kaye, daftari zao. Siku masasi ya bunduki ilituzuia kusoma, kila mutu aliacha kurasa tupu, ajaze tukirudi. Hiyo ilikuwa desturi ya masomo yetu, shule nzima, wakati ule.

Tulipomaliza sura ya sita, bazazi baliniita. Sura ya saba ilieleza binti aliyechukuliwa na basoda, batu ba bunduki, na vile alivyorudi nyumbani.

"Mwalimu, ile ni mambo ya haya," baba mumoja alisema. "Batoto banaona mambo mingi inje. Hata mu masomo tena?"

Nilijibu kwamba ni sababu hiyo basome karibu na mutu mukubwa, basibaki nayo peke yao. Mama mumoja aliguna. Prefe, mukubwa wa masomo, akaniangalia: "Mwalimu, weye uko mugeni hapa."

Loo! Neno lile lilinimaliza. Niliogopa kupoteza hata bale bachache baliokuwa bananisalimia njiani. Nikakubali kuiruka sura ile.

Kesho yake niliandika ubaoni: sura ya nane.

Musichana mumoja alinifuata inje. Alitoka upande wa Mbau, alikaa mujini kwa shangazi yake. Masomo yote ilijua kwamba basoda balikuwa bamemushika majuma mawili. Hapana mutu alimuuliza kitu.

"Mwalimu, sura ya saba iko wapi?"

"Panya ilikula," nikasema. Uongo mutupu, kitabu kilikuwa kwapani.

Akakiangalia pale kwapani. "Haina neno. Nilitaka tu kujua vile alirudi kwao. Mama yake alimuambia nini?"

Nilimuacha pale. Nilienda kwangu, nikafunga mulango, nikaisoma sura ile kwa sauti kama mwenda wazimu. Mama yule alifungua mulango, akasema: "Ingia, maji ya kuoga iko moto." Basi, ni hayo tu. Ningeweza kumupa maneno yale palepale. Mimi, mwalimu muzima, nikamupa panya!

Muhula uliofuata musichana yule hakuja. Shangazi yake alinikuta, ameshika kaye ya musichana mukononi. "Baba yake alimuita aende kwake kule Oicha. Mwenyewe alisema umujazie, atapita kuichukua."

Niliifungua. Baada ya sura ya sita alikuwa ameandika "Sura ya saba" juu ya ukurasa, halafu kurasa nane tupu. Nilizijaza siku ileile, kwa mwandiko wangu muzuri kabisa. Njia ya Oicha ikafungwa tena. Nilingoja miaka miwili, hakupita.

Vita ilipotulia nilirudi kwetu na kaye ile mu mufuko. Bibi yangu alifungua mulango, akaniambia niingie, maji iko moto. Nikalia palepale inje, sikuweza kuingia. Maskini, alifikiri ninamulilia yeye.