Safu ya Kabila

Mukarugwiza Spès alikuwa mwoga, na hakumficha mtu. Aliogopa radi, mbwa wa jirani, na daktari wa meno hata alipokuwa amelala. Watu wa mtaa wake wa Kimisagara walimtania wakachoka. Lakini tangu Oktoba 1990 utani huo ulikoma, kwa sababu mwezi ule wanaume walikuja nyumbani wakamchukua baba yake, wakisema ni mshirika wa wale waliovuka mpaka na bunduki. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba kadi yake ya kitambulisho iliandikwa Mtutsi. Alirudi mwaka uliofuata akiwa amepinda mgongo, na mpaka anakufa hakuketi tena akiupa mlango kisogo.

Akabaki Spès na mdogo wake, Umutoni Christella. Ukiyasikia majina hayo huwezi kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja, maana Rwanda kila mtoto hupewa jina lake, na baba hagawi lake kwa wanawe. Christella alikuwa kinyume cha dada yake: mcheshi, mwenye sauti, haoni hatari mpaka imkanyage mguu. Wote wawili walifanya kazi kwenye mradi wa miche kule Kinyinya. Mdogo alimwagilia vitalu, mkubwa alipiga taipu ofisini.

Kisha mradi ukaletewa kompyuta, na Spès akaiogopa pia. Aliyemtoa woga ni Ndihokubwayo Armel, fundi aliyetoka Bujumbura kuja kumfundisha, kijana mpole aliyekula karanga siku nzima.

"Dada Spès, mashine hii haijui kusoma," alimwambia. "Inalinganisha tu. Ukiipa barua ya mtu itaitunza, lakini barua ni kama kapu la sokoni: kila kitu kimo, ila lazima utie mkono upekue mwenyewe. Hiyo ni data isiyo na mpangilio. Sasa vitoe vitu kapuni, kila kimoja ukiweke kwenye rafu yake: majina safu hii, vijiji safu ile, miaka safu nyingine. Hapo ni data yenye mpangilio. Uliza unachotaka, itakujibu kabla hujafumba mdomo."

Spès alilipenda somo hilo, na kwa mara ya kwanza akaipenda mashine. Mkurugenzi, Bwana Jean-Berchmans, alipomtaka awaingize wafanyakazi wote kwenye mashine, alifurahi kama aliyepewa zawadi. Mafaili yao yalijaa kabati: barua za kuomba kazi, vyeti vya ubatizo, maoni ya wasimamizi yaliyoandikwa vibaya, picha zilizobanduka. Asubuhi moja baada ya nyingine alipekua na kuweka kila kitu kwenye rafu yake. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Mtaa anaoishi. Kazi. Kabila. Safu hiyo ya mwisho ilikuwa kwenye karatasi ya mkurugenzi, naye hakuiwazia sana, kwa kuwa kabila liliandikwa kila mahali nchini, hata kwenye karatasi za watoto wa shule.

Alipomaliza akataka kujaribu kazi yake. Kwa nini alichagua safu ile na si ya miaka, hata yeye hakujua. Aliandika amri fupi: nionyeshe wote ambao kabila lao ni Mtutsi. Akabonyeza.

Majina yakashuka kwenye kioo kwa kufumba na kufumbua, yamejipanga, kila moja na mtaa wake pembeni. Gatera wa jikoni, Kabuga. Rwema dereva, Kinyinya. Umutoni Christella, Kimisagara. Chini yake, Mukarugwiza Spès, Kimisagara.

Akaisoma orodha mara ya pili. Watu hawa walikuwa wametawanyika ndani ya kabati kwa miaka, na aliyetaka kuwapata ilimbidi ashinde mafailini wiki nzima. Sasa yeye, kwa vidole vyake mwenyewe, alikuwa amewakusanya mahali pamoja na kuwaonyesha wanapolala. Na huu ulikuwa mwanzo wa 1994. Redio ilikuwa ikitukana watu kwa majina, na mabomu ya mkono yalitupwa sokoni mchana kweupe.

Hakulia. Aliifuta safu ya kabila yote, kisha akafanya ujanja ambao fundi Armel angeucheka. Kila mtu alimwekea sanduku moja kubwa la maelezo, akamwagia humo barua yake nzima ya kuomba kazi, na parokia zake, na ng'ombe wa babu yake, na homa aliyougua utotoni. Aliyoiruka ni sentensi moja tu, ile ya Christella iliyosema dada yangu yuko ofisini.

"Kabila liko wapi?" mkurugenzi aliuliza alipoona.

"Limo kwenye maelezo, patron. Kwa maneno yao wenyewe."

Jean-Berchmans alikitazama kioo kilichojaa maandishi, akaridhika. Spès alilala usingizi wa kweli wiki ile.

Mwezi Machi, baada ya chakula cha mchana, akaingia mwanamume aliyevaa koti safi, Nsengiyumva, mtu wa chama ambaye mkurugenzi alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Madamu," alisema kwa upole, "bananiambia hapa iko mashini ya kupanga watu. Nipangie batu ya kabila ile. Na mahali banakaa."

Spès akamgeuzia kioo. "Haiwezi, muzee. Hakuna safu yake."

"Mashini ya wazungu haiwezi?"

"Spès, fanya tu vile anasema," mkurugenzi akanong'ona. Naye alikuwa akitoka jasho.

Spès akaandika amri ile ile mbele ya macho yao. Mashine ikajibu kwamba hakuna safu yenye jina hilo. Nsengiyumva aliinama akasoma maelezo ya mtu mmoja, ya pili, ya tatu. Homa, parokia, ng'ombe. Akapiga miayo.

"Basi hakuna shida," Nsengiyumva alisema, akanyoosha kiganja. "Leta kadi yako."

Spès akaitoa mkobani. Kadi ya kitambulisho, ambayo kila mtu mzima alibeba kwa lazima, ilikuwa na makabila yote yamechapishwa kwa mpangilio, na yasiyo yako yamekatwa kwa mstari. Spès aliiona siku hiyo kama hajawahi kuiona. Alikuwa ameifuta safu kwenye mashine, na kumbe kila mtu alitembea na mstari wake mfukoni.

Nsengiyumva aliisoma, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Mimi nakaa pale kwa mulango mukubwa. Wakitoka kazi, kila mutu anionyeshe yake. Yako utaikuta pale, Madamu."

Alipotoka, mkurugenzi aligeukia dirisha. Spès akasimama. Orodha aliyoifuta ilikuwa bado kichwani mwake, imejipanga vile vile na mitaa yake, na sasa aliishukuru. Alikwenda jikoni akamwambia Gatera apite nyuma, kwenye migomba. Akaenda gereji kwa Rwema. Alizunguka mmoja mmoja, akisema maneno machache, mwanamke aliyeogopa mbwa.

Christella alimwacha wa mwisho. Alimkuta kwenye vitalu, matope hadi viwikoni, akiimba.

"Shuka huu mteremko sasa hivi. Usipite barabarani. Nenda kwa shangazi kule Kabuga, Kimisagara usikanyage."

"Dada, una nini? Unanitisha."

"Ogopa. Leo uogope, nakuomba."

Christella akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatii bila mzaha. "Na wewe?"

"Kadi yangu anayo yule bwana. Bila kadi, kwenye kizuizi cha kwanza tu cha ukaguzi wananishika, na wewe niliye naye wanakushika. Tangulia, nakuja."

Walikumbatiana haraka, matope yakamganda Spès kwenye blauzi. Akasimama mpaka kitambaa cha mdogo wake kikapotea kwenye migomba ya kwanza, kisha akageuka kuelekea mlango mkubwa.

Nsengiyumva alimwona kwa mbali, akaiinua kadi juu ili aione, wala hakutazama kwingine. Spès hakuharakisha. Alitembea polepole, akasimama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka, akatembea tena, kwa sababu Christella alikuwa bado hajaumaliza mteremko.